Kivuli kidogo, hasara kubwa: Jinsi ya kufunga sola katika nchi ya chai

MWENYE nyumba aliyetundika paneli ya sola juu ya paa lake huko Litein, Kapkatet au Mogogosiek aghalabu huanza kunung'unika mwaka wa pili au wa tatu baada ya ununuzi. Taa zilizokuwa zikiwaka hadi usiku wa manane sasa huzima saa tatu, watoto wakiwa bado hawajamaliza kudurusu. Lawama hutupiwa betri kwanza, kisha fundi, na hatimaye mawingu ya Kericho. Bonasi ya majani chai inapolipwa, mkulima hununua betri nyingine au paneli ya pili. Ni nadra mtu kutoka nje asubuhi akautazama mgrevilea uliokuwa na kimo cha mlango siku ile paneli ilipofungwa, na ambao sasa umelipita paa.

Makala haya yanaeleza kivuli hufanya nini ndani ya paneli, kwa nini hasara yake huwa kubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, na jinsi ya kuchagua namna ya kuunganisha nyaya mahali ambapo miti haiwezi kuepukika. Ni suala la pesa. Paneli nzuri hudumu kwa zaidi ya miaka 20, lakini betri ya asidi isiyopata chaji ya kutosha hufa upesi, na betri ndiyo itakayomrudisha mkulima dukani mara kwa mara.

Kenya si mgeni wa teknolojia hii. Mwaka 1984 Wamarekani Harold Burris na Mark Hankins walifunga sola katika Shule ya Sekondari ya Karamugi, pande za Mlima Kenya, na kutoka hapo mafundi waliofunzwa kazi wakaisambaza katika maeneo ya kahawa na chai ambako wakulima walikuwa na fedha lakini hawakuwa na stima. Tangu 2012 kampuni kama M-Kopa zimeuza mitambo midogo kwa malipo ya kila siku kupitia M-Pesa. Hata baada ya mpango wa serikali wa kusambaza umeme vijijini, ulioanza mwaka 2015, kufikisha nyaya katika maboma mengi, sola haikushushwa paani. Aliyekaa gizani usiku wa Agosti 25, 2023, taifa takriban lote lilipopotewa na umeme, anajua sababu.

Mnyororo wa seli 36

Paneli ya kawaida ya kuchaji betri ya volti 12 huwa na seli 36 zilizounganishwa moja baada ya nyingine. Jua linapowaka, kila seli hutoa takriban nusu volti, hivyo zote kwa pamoja hutoa volti 18 hivi. Ziada hiyo si ya bure. Betri inayokaribia kujaa huhitaji volti 14 na ushei, na kiasi fulani hupotea katika nyaya na kwa sababu ya joto.

Kwa kuwa seli zimefungwa kwa mfululizo, mkondo ule ule wa umeme hauna budi kupita katika kila mojawapo. Mfikirie mstari wa wachumaji waliosimama mlimani wakipokezana vikapu vya majani mabichi kutoka mkono hadi mkono mpaka kwenye kituo cha kupimia. Mmoja akiketi chini, vikapu haviruki. Wale wengine 35 hata wawe na nguvu za simba, kasi ya mstari mzima ni ile ya aliyeketi.

Hivyo ndivyo ilivyo katika paneli. Seli moja kati ya 36 haifiki hata asilimia 3 ya eneo lote. Lakini seli hiyo moja ikifunikwa nusu, mkondo wa paneli nzima hushuka karibu nusu. Ikifunikwa yote, kinachobaki ni kidogo sana, kwani inategemea tu mwanga hafifu unaotoka angani pembeni. Katika paneli ndogo ya wati 20 seli hukatwa vipande vyembamba, na jani moja la mparachichi lililonata kwa umande linatosha kuifunika seli nzima. Kinyesi cha ndege hufanya kazi hiyo hiyo, tena hakipeperushwi na upepo.

Yapasa kutofautisha kivuli na wingu, maana wengi huvichanganya. Wingu au ukungu hupunguza mwanga kwa seli zote kwa kiwango kimoja. Mstari mzima wa wachumaji hupunguza mwendo, lakini hakuna aliyeketi. Volti hushuka kidogo tu na betri huendelea kupata chaji, japo polepole. Ndiyo maana paneli iliyo wazi hufanya kazi hata siku za mawingu ya Julai, ilhali nyingine iliyo chini ya tawi moja hushindwa jua likiwa kali. Mtu akikuambia kwamba sola haifai Kericho kwa sababu ya mawingu, mwulize kwanza paneli yake imefungwa wapi.

Seli iliyofunikwa haikai kimya. Zile zilizo juani hujaribu kulazimisha mkondo kupita, nayo badala ya kuzalisha hugeuka mlaji. Kawi inayomezwa hapo huwa joto. Kivuli kikirudi mahali pale pale kila siku, kama kile cha mlingoti wa antena ya televisheni, seli huweza kuungua. Dalili yake ni doa la kahawia, malengelenge upande wa nyuma, na wakati mwingine kioo kupasuka bila kupigwa na kitu.

Ili kuzuia hayo watengenezaji huweka njia ya mchepuko iitwayo dayodi ndani ya kijisanduku kilicho nyuma ya paneli. Paneli ya seli 36 kwa kawaida huwa na dayodi mbili, kila moja ikilinda seli 18. Kundi moja likizibwa na kivuli, mkondo hulipita pembeni na kuendelea na safari. Hapa pana jambo ambalo matangazo ya biashara hayalitaji. Kundi moja likiondolewa, zinazobaki ni seli 18, yaani volti 9, na dayodi yenyewe hukata zaidi ya nusu volti. Volti 8 na kitu haziwezi kuingia katika betri ya volti 12, kama vile maji yasivyopanda mlima yenyewe. Kwa hiyo mwenye paneli moja na betri moja asidhani kwamba dayodi itamwokolea chaji. Huweza kuokoa paneli isiungue, basi. Paneli nyingi ndogo sana hazina hata hiyo.

Paneli kubwa zinazouzwa siku hizi, za seli 60 au 72, huwa na dayodi tatu, na seli zake hupangwa katika makundi matatu yanayofuata urefu wa paneli. Mpangilio huu una maana kwa afungaye. Ikiwa kivuli au uchafu hujikusanya ukingo wa chini, paneli ikilazwa kwa upana kivuli hicho hugusa kundi moja tu; ikisimamishwa kwa urefu, makundi yote matatu huguswa na uzalishaji huweza kukatika kabisa. Zile za kisasa zaidi, ambazo seli zake zimekatwa nusu kwa nusu, hujengwa kama paneli mbili zilizoungana kwa sambamba, ya juu na ya chini, kwa hivyo zikisimamishwa kwa urefu na sehemu ya chini kupata kivuli, ya juu huendelea. Ukipewa nafasi ya kuchagua na nyumba yako ina miti, hizi ndizo za kununua.

Wazee wa kazi hii watakumbuka paneli za rangi ya kahawia iliyokoza, za wati 10 hadi 14, zilizotapakaa nchini katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Seli zake zilikuwa mistari mirefu myembamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na jani lililoangukia juu yake lilifunika kipande tu cha kila mstari. Zilivumilia kivuli kuliko hizi za sasa. Kasoro yake ilikuwa kwamba zilihitaji nafasi kubwa kwa wati chache, na baadhi ya zilizoletwa sokoni hazikutoa wati zilizoandikwa juu yake hata zikiwa juani.

Jua la Kericho na saa zake

Mji wa Kericho uko chini kidogo ya ikweta, na Bomet iko kusini zaidi lakini bado haijafika digrii moja. Jua hupita utosini kila Machi na Septemba. Mwezi Juni huegemea kaskazini kwa takriban digrii 24, na Desemba huegemea kusini kwa karibu kiasi hicho hicho. Mti wa mita 10 ulio kaskazini mwa nyumba hutupa kivuli cha mita 4 na zaidi kuelekea kusini saa za mchana mwezi Juni, ilhali Desemba hautupi kivuli upande huo hata kidogo. Fundi aliyefunga paneli Desemba na kuondoka akiwa ameridhika hakuona kitakachotokea miezi sita baadaye. Na Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi na mawingu mengi, wakati ambapo kila chembe ya mwanga inahitajika.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba saa zetu hufuata majira ya Afrika Mashariki, ambayo msingi wake uko mbali mashariki mwa Kericho. Jua hufika juu kabisa si saa sita kamili bali karibu saa sita na dakika 40. Hesabu za vivuli zianzie hapo. Saa nne baada ya wakati huo, yaani saa kumi na dakika 40 jioni, jua huwa limebaki digrii 30 tu juu ya upeo wa macho, na kivuli cha mti wa mita 10 hufika mita 17. Saa moja baadaye kimefika mita 37. Wahenga waliosema kivuli cha mvumo hufunika aliye mbali hawakuwa na paneli akilini, lakini walijua kupima. Asubuhi mambo ni hayo hayo, ila kivuli huelekea magharibi.

Je, ni kivuli kipi cha kuogopa zaidi, cha asubuhi au cha jioni? Kwingineko vingelingana. Katika nchi ya chai havilingani. Asubuhi, ukungu ukishaondoka, mbingu huwa wazi. Baada ya adhuhuri mawingu hujikusanya kutoka upande wa Ziwa Victoria na Mau, na alasiri mvua hunyesha, mara nyingi ikiambatana na mvua ya mawe ambayo imewafanya wakulima wa Kericho kupoteza majani mengi mabichi. Kwa hiyo jua la saa tatu hadi saa saba ndilo la kutegemewa. Mti ulio mashariki mwa nyumba huiba dhahabu. Ule wa magharibi huiba kitu ambacho pengine mvua ingekichukua. Mwenye uwezo wa kupunguza mti mmoja tu aanze na wa mashariki. Na mwenye paa la pande mbili achague upande unaotazama mashariki au kaskazini-mashariki. Huko Chepalungu, kusini mwa Bomet, ambako ni pakavu zaidi na chai haistawi, tofauti hii haina uzito huo.

Kuhusu mvua ya mawe, paneli zilizopita vipimo vya kimataifa hujaribiwa kwa kurushiwa mipira ya barafu ya milimita 25 kwa kasi ya mita 23 kwa sekunde. Mawe makubwa kuliko hayo huweza kuivunja, lakini si sababu ya kuificha paneli chini ya matawi, kama nilivyosikia ikipendekezwa. Mti utakula umeme kila siku ili kuzuia hasara inayoweza kutokea mara moja katika miaka mingi.

Miti yenyewe ni ya aina zake. Mikaratusi hupandwa kwa wingi kuzunguka mashamba ya chai kwa sababu viwanda huhitaji kuni za kukaushia majani, nayo hukua haraka ajabu. Mche uliopandwa mwaka wa kununua sola huwa mlingoti kabla mkopo haujasahaulika. Migrevilea hupandwa mipakani. Migomba na miparachichi hukaa karibu na jikoni, na moshi wa jikoni ni kivuli cha namna yake, kwani masizi yaliyoganda juu ya kioo hayaondolewi na mvua peke yake. Paneli iwekwe mteremko wa angalau digrii 10 hadi 15 ili mvua iisafishe na maji yasituame ukingoni, mahali ambapo kuvu na kijani huota katika hali yetu ya unyevu.

Mchai wenyewe hauna hatia. Ukichumwa vizuri hauzidi kimo cha kiuno, na shamba la chai ni mojawapo ya mahali palipo wazi kabisa chini ya jua. Shamba la Changoi la kampuni ya Williamson Tea lilijengewa kituo cha sola cha takriban megawati 1 mwaka 2014, na kanuni iliyotumika huko, ya kuweka paneli katika uwanja usio na miti na kuacha nafasi kati ya safu, ndiyo hiyo hiyo ya nyumbani. Mkulima ambaye paa lake limezingirwa na miti anaweza kusimamisha nguzo imara ya mita 3 pembeni mwa chai yake na kufunga paneli hapo. Hofu ya wizi ni ya kweli, na nguzo hiyo yafaa ionekane kutoka dirishani. Hofu nyingine ni urefu wa nyaya, nayo yatuingiza katika suala la uunganishaji.

Mfululizo au sambamba?

Paneli mbili huunganishwa kwa njia mbili. Kwa mfululizo, chanya ya moja huingia katika hasi ya nyingine. Volti hujumlishwa na ampea hubaki zile zile. Kwa sambamba, chanya hukutana na chanya na hasi na hasi. Ampea hujumlishwa na volti hubaki.

Msomaji aliyefuata habari ya wachumaji atakuwa ameshatambua athari. Katika mfululizo, paneli iliyo kivulini huweza kuivuta chini ile iliyo juani, maana mnyororo umekuwa wa seli 72. Katika sambamba, kila paneli hubeba mzigo wake. Ya kivulini hutoa kidogo na ya juani hutoa yote. Kwa hiyo nyumba ambayo paneli moja hupata jua asubuhi na nyingine jioni, au moja iko upande wa mashariki wa paa na nyingine magharibi, ifungiwe kwa sambamba. Kanuni hii yamhusu pia anayeongeza paneli baada ya bonasi. Paneli ya wati 50 ikifungwa kwa mfululizo na ya wati 100, ile ndogo huwa kama kivuli cha kudumu juu ya kubwa. Zikifungwa kwa sambamba hakuna shida, mradi zote ni za idadi moja ya seli na volti zake zinakaribiana.

Mbona basi mtu afunge kwa mfululizo? Sababu ni waya. Tuseme una paneli mbili za wati 100, kila moja ikitoa volti 18 na ampea 5.5, na umbali kutoka paneli hadi kwenye betri ni mita 15. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa waya ni mita 30. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ambao ndio mafundi wengi huubeba, utakuwa na ukinzani wa takriban omu 0.21. Kwa sambamba ampea ni 11, volti 2.3 hupotea njiani na wati 25 kati ya 200 huishia kupasha waya joto. Kwa mfululizo ampea ni 5.5, na kinachopotea ni wati 6 tu. Ukitaka sambamba kwa umbali huo nunua waya wa milimita 6, na hasara itashuka hadi wati 10 au 11. Ukipeleka paneli kwenye nguzo mita 30 kutoka nyumbani, hasara ya kila hali huongezeka maradufu. Wapo wanaokimbia kivuli cha mti na kuangukia waya mwembamba, wakabaki pale pale walipokuwa.

Uamuzi hutegemea pia kidhibiti cha chaji, kile kisanduku chenye taa kilicho kati ya paneli na betri. Viko vya aina mbili. Kile cha bei nafuu kilichoandikwa PWM huunganisha paneli na betri moja kwa moja. Paneli mbili za volti 18 zikifungwa kwa mfululizo na kupelekwa kwenye betri ya volti 12 kupitia kidhibiti hiki, karibu nusu ya nguvu hutupwa. Mwenye PWM na betri ya volti 12 hana chaguo ila sambamba. Kile kilichoandikwa MPPT hubadili volti za ziada kuwa ampea, hivyo hupokea mfululizo bila hasara hiyo. Ni ghali zaidi. Wauzaji wengine hubandika herufi MPPT juu ya kisanduku cha PWM; ishara mojawapo ya udanganyifu ni wepesi wake, maana MPPT ya kweli huwa na koili na vipoza joto vyenye uzito.

MPPT husaidia katika kivuli kwa namna nyingine. Paneli mbili zikiwa katika mfululizo na moja ikazibwa, dayodi zake huipitisha pembeni, na ile ya pili hubaki na volti 18, zinazotosha kuchaji betri ya volti 12. Kidhibiti bora hutafuta chini na juu mpaka kipate mahali penye nguvu nyingi. Vingine hung'ang'ania mahali pa kwanza vilipopata na kuacha nguvu nyingi bila kutumika. Iangalie pia namba ya mwisho ya volti kilichoruhusiwa kupokea. Paneli ya seli 36 isiyobeba mzigo hufika volti 22, na asubuhi ya baridi huzidi hapo. Mbili ni 44. Tatu ni 66, na kidhibiti cha volti 50 kitaungua siku hiyo hiyo.

Kwa ufupi, nyumba yenye paneli mbili, kivuli kisichoepukika na umbali mfupi, ifunge kwa sambamba kwa waya mnene. Nyumba iliyohamishia paneli mahali wazi palipo mbali, ifunge kwa mfululizo na kununua MPPT ya kweli. Mwenye paneli tatu au zaidi kwa sambamba aweke fyuzi kwa kila moja, kwa sababu moja ikipata hitilafu zile nyingine huweza kuisukumia mkondo wote na kuwasha moto. Kwa mitambo mikubwa ya paani iliyounganishwa na stima kuna vifaa vidogo vinavyofungwa nyuma ya kila paneli ili kila moja ifanye kazi kivyake. Ni ghali, na kwa nyumba ya taa, redio na televisheni havina haja.

Kupima, na kumwita fundi

Muuzaji au fundi asiye makini huweka kipima-umeme kwenye nyaya za paneli, akaona volti 19, akasema paneli ni nzima. Kipimo hicho ni cha kweli lakini hakimsaidii mwenye nyumba. Paneli yenye kivuli huonyesha volti karibu za kawaida ikiwa haijabebeshwa mzigo. Kinachopotea ni ampea. Paneli moja ndogo ikipimwa ampea jua likiwa kali, kisha ikapimwa tena baada ya kufunika seli moja kwa kiganja, mwenye nyumba atajionea mwenyewe tofauti. Jaribio hili lisifanywe kwa mitambo ya volti nyingi, kwani umeme wa sola ukikatizwa ghafla huruka cheche isiyozimika upesi kama ya stima ya nyumbani.

Madhara kwa betri huonekana kuchelewa. Betri ya asidi inayolala kila usiku bila kujaa hujengeka fuwele ngumu za salfeti kwenye sahani zake, na uwezo wake hupungua wiki baada ya wiki hata mti usipokua zaidi. Ndiyo sababu betri mpya chini ya kivuli cha zamani hufurahisha kwa miezi michache tu. Betri za lithiamu zinazopatikana siku hizi hazidhuriki kwa kutojaa, ila hazizalishi umeme; paneli isipozipa kitu, nazo hazina cha kutoa.

Kanuni za serikali za mwaka 2012 kuhusu sola ziliwagawa mafundi katika madaraja: T1 kwa mitambo midogo ya hadi wati 100, T2 kwa ya kadiri hadi wati 300, na T3 kwa mikubwa zaidi pamoja na ile inayounganishwa na stima. Leseni hutolewa na EPRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya iliyokuwa Tume ya Kudhibiti Kawi kupitia Sheria ya Kawi ya 2019. Ni haki ya mwenye nyumba kuomba kuonyeshwa leseni. Fundi anayeijua kazi atauliza nyumba inatazama wapi na miti ni ya nani kabla ya kutaja bei.

Swali hilo la pili ndilo hutatiza zaidi, kwa sababu mti wenye kivuli mara nyingi ni wa jirani, nao ni akiba yake ya kuni na mbao. Hapa aina ya mti ina msaada wake. Mgrevilea huvumilia kupogolewa. Matawi yakikatwa huchipua tena na shina likaendelea kunenepa kwa ajili ya mbao, kwa hiyo jirani hupata kuni bila kupoteza mti. Kazi hiyo ikifanywa Mei, paneli itakuwa wazi katika miezi ya mawingu. Mkaratusi ni mkaidi. Ukikatwa huchipuka machipukizi kadhaa kutoka kwenye kisiki, na yasipopunguzwa, baada ya miaka michache kivuli hurudi kikiwa kipana kuliko cha kwanza.